Kujitoa katika mkataba wa jimu kabla ya mwaka kwisha: sheria ya Kenya inanilinda kwa kiasi gani?

Mama Wawili

Hamjambo nyote. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa sheria, au wa yeyote aliyewahi kujitoa katika jimu hapa Nairobi kabla mkataba wake haujakwisha.

Mwezi wa Januari nilijiunga na ukumbi wa mazoezi ulio karibu na kazini kwangu. Walikuwa na ofa ya mwaka mpya ambapo anayejiunga kabla ya mwezi kwisha alipunguziwa ada, kwa sharti kwamba atie saini mkataba wa miezi kumi na miwili. Nililipa ada ya kujiunga ya shilingi 5,000, kisha nikakubali shilingi 6,000 zikatwe kwenye kadi yangu ya benki kila mwezi. Kijana niliyemkuta mapokezini alinihakikishia kwamba bwawa la kuogelea lililokuwa likijengwa nyuma ya jengo lingefunguliwa kabla ya Pasaka, na bwawa hilo ndilo lililonivutia kuliko mashine zote, kwa kuwa daktari alinishauri niogelee ili nisiyaumize magoti. Saini niliitia kwenye kishikwambi chao, na sikupewa nakala yoyote, si ya karatasi wala ya barua pepe.

Sasa mwajiri wangu amenihamishia Kisumu, ambako jimu hiyo haina tawi. Meneja ameniambia nina njia mbili tu: niendelee kukatwa hadi Januari ijayo, au nilipe mara moja ada ya miezi mitatu, yaani shilingi 18,000, anayoiita ada ya kuvunja mkataba. Nilipoomba kuuona mkataba wenyewe nilijibiwa kwamba uko kwenye mfumo na kwamba ningetumiwa, lakini sijatumiwa. Pasaka imepita na bwawa bado limefunikwa kwa turubai. Ukutani, juu ya kaunta, wamebandika tangazo linalosema kwamba pesa zikishalipwa hazirudishwi kwa sababu yoyote ile.

Je, kuhamishwa kikazi ni sababu inayokubalika kisheria? Tangazo lile lina nguvu gani? Na je, nikiizuia kadi yangu nitakuwa nimemaliza shauri, au nitakuwa nimejiletea balaa jingine?

---

Karani wa Milimani

Mama Wawili, nianze na jibu usilolipenda. Uhamisho wa kikazi si sababu ambayo sheria yetu imeitaja. Wengi husoma mtandaoni kwamba mwanachama anayehamia mbali anaruhusiwa kujitoa, bila kutambua kwamba wanasoma sheria za Marekani. Katika jimbo la New York, kwa mfano, mtu anayehamisha makazi yake zaidi ya maili 25 kutoka kwenye ukumbi ana haki hiyo. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo, na meneja akikuambia kwamba Kisumu haimhusu, kisheria hajakosea. Dai lako lenye nguvu liko katika mambo mawili uliyoyataja kama ya pembeni, yaani kunyimwa nakala ya mkataba na kutofunguliwa kwa bwawa.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayoshughulikia mikataba maalumu, na miongoni mwake imo mikataba ya huduma za kujiendeleza binafsi zinazolipiwa kabla ya kutolewa. Katika tafsiri ya maneno yake, sheria hiyo inazihesabu humo huduma za afya, siha na lishe, pamoja na michezo, dansi na mapigano ya kujihami. Jimu imo, bila shaka yoyote. Mteja wa huduma kama hizo anaweza kuufuta mkataba ndani ya siku kumi bila kutoa sababu yoyote.

Najua utasema siku kumi zilikwisha tangu Januari, na hivyo ndivyo meneja atakavyokuambia pia. Hata hivyo, siku hizo hazihesabiwi tangu siku ya kutia saini. Zinaanza kuhesabiwa tangu siku uliyopokea nakala ya maandishi ya mkataba, au tangu siku huduma zote zilipoanza kupatikana, kwa kufuata ile inayochelewa kuliko mwenzake. Kwa maneno mepesi, ile iliyokuja mwisho. Wewe hujapokea nakala hadi leo. Zaidi ya hayo, mteja ambaye hakupewa nakala inayotimiza masharti ya sheria anaweza kuufuta mkataba ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kuingia katika mkataba, na mwaka wako haujatimia. Hoja hii ya nakala ndiyo ningeitanguliza, kwa sababu haihitaji shahidi: anayedai kwamba alikupa nakala ndiye anayepaswa kuonyesha alikupa lini na kwa njia gani.

Hoja ya bwawa ni nzuri lakini inaweza kupingwa. Jimu itasema kwamba mkataba unataja matumizi ya ukumbi na vifaa, na kwamba bwawa lilikuwa mpango wa baadaye tu. Hapo ndipo ushahidi unapohitajika. Tafuta tangazo lao la Januari katika kurasa zao za mitandao, picha za vipeperushi, na ujumbe wa WhatsApp kutoka mapokezini, kisha uvihifadhi kabla havijafutwa. Sheria hiyohiyo ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu huduma, na mkataba uliopatikana kwa maelezo ya namna hiyo unaweza kubatilishwa ndani ya mwaka mmoja. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya kupotosha, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji kuhusu jambo hilo.

Kuhusu tangazo la ukutani, lisikutishe. Haki zilizotolewa na sheria hii zinabaki palepale hata kama mteja ametia saini maneno ya kuzikana, na sijaona ni vipi karatasi iliyobandikwa kwa gundi juu ya kaunta ingekuwa na nguvu kuliko saini. Ibara ya 46 ya Katiba pia inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika ipasavyo na huduma, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro katika huduma.

Kuhusu zile 18,000, kama mkataba ungekuwa halali na wewe ndiye uliyeuvunja, jimu ingestahili fidia ya hasara yake, si adhabu ya kukutia adabu. Mahakama zetu zimerithi kanuni ya Kiingereza inayotofautisha makadirio ya kweli ya hasara na kiasi kilichowekwa ili kumwogofya mtu asiondoke. Lakini usifike huko. Ukianza kubishana juu ya ukubwa wa ada ya kuvunja mkataba, utakuwa umekwisha kukubali kwamba mkataba unakufunga na kwamba wewe ndiye mvunjaji.

---

Mwenye Ukumbi, Thika Road

Naomba nami nisikilizwe, ingawa najua upande wangu haupendwi katika mijadala ya namna hii.

Niliendesha ukumbi wa mazoezi kwa miaka kadhaa. Mashine tunaziagiza kutoka nje na kuzilipa kabla hazijafika Mombasa, kodi ya jengo hailegei, na umeme hauhesabu waliokuja na wasiokuja. Mwezi wa Januari watu hujaa hadi foleni ya mashine za kukimbilia inafika mlangoni, kisha ikifika Machi utawaona walewale wachache. Mkataba wa mwaka ndio unaomwezesha mwenye ukumbi kupanga matumizi yake, na punguzo analopewa mwanachama ni malipo ya ahadi yake ya kukaa. Anayetaka uhuru wa kuondoka wakati wowote hulipa ada ya mwezi mmojammoja, ambayo ni kubwa zaidi. Sioni dhuluma katika mpango huo.

Hata hivyo sikubaliani na meneja wa huyu mama, kwa mambo mawili. La kwanza, kutompa mteja nakala ni uzembe usio na utetezi. Kishikwambi kinachopokea saini kinaweza pia kutuma barua pepe. La pili, amempa njia mbili wakati biashara yetu ina njia nne. Mwanachama anaweza kumhamishia mtu mwingine muda wake uliobaki, na mimi niliruhusu hilo mara nyingi, kwa kuwa ukumbi haupotezi chochote mtu mmoja akiondoka na mwingine akiingia. Anaweza pia kusimamishiwa uanachama kwa miezi kadhaa bila kukatwa, jambo linalowafaa wajawazito, wagonjwa na wanaosafiri.

Ushauri wangu kwa Mama Wawili ni huu: kabla ya kumwandikia meneja kwa lugha ya kisheria, mwulize kama anaweza kumpokea mwenzako wa kazini badala yako. Meneja anayetishiwa humpigia wakili simu, na tangu hapo hakuna atakayezungumza nawe kibinadamu.

---

Karani wa Milimani

Mwenye Ukumbi, nakubali kwamba mazungumzo huja kwanza, na njia ya kumhamishia mtu mwingine ni nzuri kama kuna mtu aliye tayari. Ninachoogopa ni mazungumzo yanayovutwa wiki baada ya wiki hadi mwaka utimie, hali ya kuwa haki ya kufuta mkataba kwa kukosa nakala ina kikomo. Azungumze nao, lakini awe amekwisha kuwapelekea ilani ya maandishi.

Niongeze pia jambo ambalo wenye kumbi wengi hawalijui, au wanalijua na kulinyamazia. Sheria ya 2012 hairuhusu mkataba wa huduma hizi uzidi mwaka mmoja tangu huduma zote zilipoanza kupatikana, na ada ya kujiunga isizidi mara mbili ya ada ya mwaka. Wale wanaouza uanachama wa miaka mitatu, na wale wa kudumu maisha, wanajenga juu ya mchanga.

---

Mama Wawili

Nawashukuru sana. Mwenzangu mmoja kazini aliwahi kusema angependa kujiunga, nitamwuliza, ingawa sina hakika kwamba bado anataka baada ya kunisikia nikilalamika kila siku.

Naomba kufafanuliwa mambo mawili. Swali la kadi halijajibiwa: tarehe ya kukatwa inakaribia, na ninaogopa kwamba nikiizuia wataniingiza katika orodha ya wadaiwa sugu, ilhali ninatarajia kuomba mkopo wa nyumba. Pili, hiyo ilani inaandikwaje?

---

Wa Kaunta Namba Tatu

Ninafanya kazi benki, kwa hiyo nitajibu la kadi na kuwaachia wengine la sheria.

Wateja wengi huchanganya mambo mawili yaliyo mbali. Kuzuia malipo ni amri unayoipa benki yako. Kumaliza mkataba ni jambo kati yako na jimu. Ukiizuia kadi bila kuifahamisha jimu, kwao wewe ni mwanachama asiyelipa, na deni linaendelea kukua katika vitabu vyao. Kwa hiyo peleka ilani kwanza, kisha uje benki na nakala ya ilani hiyo.

Ukifika benki, eleza ni malipo ya aina gani. Kama ni agizo la malipo ya kila mwezi ulilolitoa wewe mwenyewe kwa benki, unaweza kulifuta kwa kujaza fomu, na hatuhitaji ruhusa ya anayelipwa. Yako, kwa jinsi ulivyoeleza, ni tofauti: jimu imehifadhi namba ya kadi yako na ndiyo inayoomba pesa kila mwezi. Hapo mwombe mhudumu azuie miamala ya mfanyabiashara huyo, na kama mfumo wa benki yako hauwezi, omba kadi mpya. Lakini usiitegemee kadi mpya kupita kiasi, kwa kuwa mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumpa mfanyabiashara namba mpya ya mteja ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Wakikata pesa baada ya kupokea ilani yako, jaza fomu ya kuupinga muamala mapema iwezekanavyo na uambatishe ilani. Muda wa kupinga una kikomo, na wanaokuja wamechelewa hatuwezi kuwasaidia. Wanaolipia programu za mazoezi kupitia simu nao wajue kwamba kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ni lazima waingie katika duka la programu walikojiandikisha na kusitisha huko.

Kuhusu orodha ya wadaiwa, si kila mwenye duka anayeweza kupeleka jina lako kwenye shirika la taarifa za mikopo. Wanaopeleka taarifa hizo ni mabenki na taasisi nyingine zinazotambuliwa, na taasisi isiyo benki inahitaji idhini ya Benki Kuu ya Kenya. Unaweza kuomba ripoti yako mwenyewe kabla ya kuomba mkopo, na ukikuta taarifa usiyoikubali una haki ya kuipinga. Meneja wa jimu anayekutishia kwa jina la shirika hilo huwa anabahatisha tu kwamba hujui.

---

Karani wa Milimani

Ilani haihitaji lugha nzito wala mhuri wa wakili. Kinachotakiwa ni kueleweka kwamba unaufuta mkataba. Unaweza kuandika hivi:

*«Mimi, mwanachama namba fulani, ninawafahamisha kwamba ninaufuta mkataba wangu wa uanachama nilioutia saini mwezi wa Januari, kuanzia tarehe ya barua hii. Ninafanya hivyo kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, kwa kuwa sijapewa nakala ya maandishi ya mkataba, na kwa kuwa bwawa la kuogelea lililotajwa wakati wa kujiunga halijafunguliwa. Ninaondoa idhini ya kukata pesa yoyote kwenye kadi yangu. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea ilani hii, mnirejeshee nilicholipa, na mfute alama zangu za vidole pamoja na picha yangu katika mfumo wenu.»*

Itume kwa barua pepe, kisha upeleke nakala mbili kwa mkono, moja uiache na nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga mhuri, mpige picha karani akiwa ameipokea, au uitume kwa barua ya rejista. Usikubali kuambiwa kwamba ni lazima ujaze fomu yao ya kujitoa, hasa ikiwa ndani ya fomu hiyo kuna sentensi inayokiri kwamba wewe ndiye uliyevunja mkataba.

Alama za vidole nimezitaja kwa makusudi, kwa kuwa kumbi nyingi siku hizi hufungua mlango kwa kidole. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu alama hizo kuwa data nyeti, na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko iwapo aliyezichukua anazishikilia bila msingi wa kisheria.

Kuhusu kiasi cha kudai, nitakuwa mkweli kwako. Barua inaomba ulicholipa chote kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Lakini umeingia ukumbini humo na kutumia mashine zao kwa miezi kadhaa, na sidhani kama ni haki, au kama ni busara, kung'ang'ania kila shilingi. Mimi ningeridhika na kusitishwa kwa makato, kufutwa kwa ile 18,000, na kurejeshewa ada ya kujiunga.

---

Mlaji wa Kinondoni

Nimesoma kwa makini kutoka Dar es Salaam, na ninaomba Watanzania wenzangu wasiichukue ile hesabu ya siku kumi wakaipeleka Sinza au Mikocheni, kwa kuwa hiyo ni sheria ya Kenya. Kwetu mlango wa kugonga ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pamoja na kukataza upotoshaji inaipa Tume mamlaka juu ya mikataba inayoandaliwa na upande mmoja, yaani ile ambayo mlaji anapewa ikiwa imekwisha kuchapwa naye anabaki kutia saini tu. Mikataba ya jimu karibu yote ni ya aina hiyo. Hoja ya Mama Wawili kuhusu nakala ingenishawishi mimi kama mlaji, lakini kwetu ingebidi ijengwe kwa njia nyingine.

---

Mama Wawili

Ilani nimeiandika na kuiacha mapokezini leo, imegongwa mhuri. Swali la mwisho: wakikaa kimya, nishtaki wapi, nami nitakuwa Kisumu?

---

Karani wa Milimani

Wape muda wa kutosha kujibu, na uutaje muda huo katika barua ya kukumbusha. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ukiambatisha ilani, risiti na taarifa ya benki. Kwa kufanya hivyo hupotezi haki ya kwenda mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inaruhusu mtu ajisimamie mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Dai lako ni dogo sana ukilinganisha na kikomo hicho, na kwa kiasi hicho wakili angekugharimu kuliko unachodai. Kwa kuwa mkataba ulifanyika Nairobi na jimu iko Nairobi, fungua shauri katika mahakama ya Milimani, hapo Nairobi, kabla hujahama, ukiwa na nakala za kila kitu, na uombe tarehe ambayo utaweza kusafiri.